Lugha ya Tano



Miaka miwili iliyopita, katika arusi moja ya kwetu hapa Brussels, mama mmoja alinivuta pembeni. "Mwalimu, binti yangu anasomea uhasibu. Sasa anataka kujifunza Python. Hiyo si kazi ya mafundi wa kompyuta?" Nikamjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu walimu: mtoto ashike moja, mshika mbili moja humponyoka. Binti akatii. Mwaka jana akaenda kuomba kazi ya uhasibu, akaulizwa kama anaijua Python. Hakuwa anaijua, na kazi akaikosa.

Basi leo najirekebisha hadharani.

Python ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Aliitunga Mholanzi, Guido van Rossum, akaitoa mwaka 1991, na jina lake halikutokana na chatu, bali na wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python. Haiuzwi; kila mtu huipata bure. Mhasibu huitumia kulinganisha maelfu ya hati za malipo, mtaalamu wa viumbe kuchambua chembe za urithi, mtu wa benki kupima hatari ya mikopo, mwandishi wa habari kupekua hesabu za serikali. Tangu mwaka 2023 Microsoft wameanza kuitia hata ndani ya Excel.

Wazee tusiiogope. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, mwana wa kiume na wa kike. Mke hupewa thumuni. Kinachobaki hugawanywa mafungu matatu, mawili ya mwana wa kiume, moja la binti. Katika mafungu 24, mke ana 3, mwana 14, binti 7. Kuzipanga hatua hizo moja baada ya moja, bila kuruka hata moja, ndiyo kazi yenyewe. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kutokana na jina lake Wazungu walipata neno "algorithm", aliweka mlango mzima wa hesabu za mirathi katika kitabu chake cha aljebra, katika karne ya 9.

Lakini vijana, msidanganyike. Python peke yake ni jembe lisilo shamba. Anayetafutwa ni mhasibu anayeijua, au muuguzi anayeijua. Tena mji huu una Kifaransa na Kiholanzi, na waajiri wengi huvitaka vyote viwili. Lugha ya mashine haikusamehe lugha ya watu. Wala msikimbilie kulipa fedha nyingi kwa mafunzo: asiye na kazi ajiandikishe kwanza Actiris, aulize habari za Bruxelles Formation na BeCode, wanaowafundisha bure watafutao kazi.

Binti yule nimemwomba radhi mbele ya mama yake. Ana Kiswahili, Kifaransa, Kiholanzi na Kiingereza. Hii anayojifunza sasa kila jioni ni ya tano. Juzi alinionyesha zoezi lake: ameiandikia kompyuta mirathi ile ile. Nilimpa mafungu mengine nimjaribu. Jibu lilitoka kabla sijatafuta kalamu.

Wassalaam.