MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Daktari Hukata Tumbo, Hakati Huzuni



Juma hili nimepata barua kutoka Pemba. Aliyeiandika ni mwalimu wa kike, mtu wa bara, anayefundisha huko. Ameeleza habari za rafiki yake wa Kojani, naye ameomba nimjibu hapa gazetini bila kutaja majina. Nafanya hivyo kwa moyo mweupe, maana jambo lenyewe si la Kojani tu. Limo katika nyumba nyingi, hata zile ambazo hakuna aliyepata kuonana na daktari wa upasuaji.

Habari yenyewe ni hii. Rafiki huyo ni mama wa watoto wanne. Alikuwa na kilo 126, na kisukari kilikuwa kimekwisha kumwingia. Ndugu zake walioko Muscat walimwita, wakamlipia gharama, akapasuliwa tumbo ili apunguze unene. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kilo 88, na kisukari kikatulia. Sasa ni mwaka wa tatu. Amefika kilo 99, naye anazidi kupanda. Mbele za watu hula kidogo kama ndege. Usiku, watoto wakisha kulala, huketi peke yake na biskuti na chai ya sukari nyingi, kisha hulia. Mumewe akirudi safari humwambia, "Fedha za watu zimekwenda bure." Majirani wanasema ni ulafi. Mwalimu anauliza: "Je, ni ulafi kweli? Na sisi tulio karibu naye tufanye nini?"

Kabla ya kumhukumu mtu, yapasa tujue alichofanyiwa. Mfuko wa chakula wa mtu mzima ukijaa huchukua lita moja au zaidi. Katika upasuaji wa namna moja, madaktari hukata na kuondoa kama robo tatu ya mfuko huo au zaidi, hubaki mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Huyu mama alifanyiwa hivyo. Katika namna ya pili hutengwa kifuko kidogo sana upande wa juu, nacho huungwa na utumbo mbele, chakula kikapita njia ya mkato. Njia hii ilianzwa na Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto ndani ya mfuko wa chakula. Puto halikati kitu, nalo huondolewa baada ya miezi kadha.

Wala upasuaji huu si wa kutafuta umbo zuri. Madaktari hugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita, kisha hugawa tena kwa urefu uleule. Mkutano wa mabingwa uliofanyika Marekani mwaka 1991 ulisema afaaye ni yule aliyefikia 40, au 35 akiwa na maradhi yaletwayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya mabingwa vilishusha kipimo hicho hata 35, au 30 kwa wenye maradhi. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 40 akiwa na kilo 103 hivi. Basi huyu rafiki yetu alikuwa mgonjwa kweli, na alitibiwa kama mgonjwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Sehemu ile ya mfuko inayokatwa ndiyo itoayo kwa wingi kiamsha-njaa, yaani homoni iitwayo grelini, ambayo wataalamu wa Japani waliitambua mwaka 1999. Kwa hiyo miezi ya kwanza mtu hasikii njaa kama zamani. Akila vijiko vichache ameshiba. Kilo zinaanguka kila juma, na watu wanashangaa. Naye husema moyoni, "Nimepona, shetani wa chakula amenitoka." Kumbe amepewa nafasi tu. Mwili hujizoeza, mfuko hulegea kidogo, hamu hurudi polepole, na mazoea ya zamani yalikuwa yamekaa mlangoni yakingoja. Wahenga walisema, kawaida ni kama sheria.

Haya hayakumpata mama wa Kojani peke yake. Huko Swideni, tangu mwaka 1987, madaktari waliwafuata watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa. Wale wa njia ya mkato walipungua mpaka theluthi moja hivi ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa robo moja. Maana yake, aliyekuwa na kilo 120 alishuka hata 82, kisha akapanda tena mpaka 90. Waliofungwa mfuko kwa mkanda walibaki na upungufu mdogo zaidi. Hata hivyo, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Kwa hiyo fedha hazikwenda bure, bwana. Mkeo angali chini kwa kilo 27, na kisukari chake kimetulia. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani, nayo ni yenu wawili.

Ziko njaa mbili, wapenzi. Njaa ya tumbo huja kidogo kidogo. Haichagui, ukiipa muhogo itapokea, ukiipa dagaa itapokea, na ikisha kushiba hunyamaza. Njaa ya moyo huja ghafula. Yataka kitu kimoja tu, kitamu au cha mafuta, na sasa hivi. Haishibi, na ikiondoka huacha aibu. Huamshwa na upweke, na hasira, na uchovu, na kukosa usingizi, na neno baya la mchana. Kisu cha daktari huifikia njaa ya kwanza. Ya pili hakiifikii.

Tena njaa ya moyo ina ujanja. Imegundua kwamba nyama na samaki hukaa katika mfuko mdogo na kumshibisha mtu upesi, lakini biskuti, keki, chai tamu, soda na juisi hupita kama maji katika mfereji. Ndiyo maana aliyepasuliwa aweza kushindwa kumaliza kipande cha samaki, naye akamaliza pakiti nzima ya biskuti kwa kudonoa kama kuku. Haba na haba hujaza kibaba, na kilo 11 zimerudi hivyo hivyo.

Na maisha ya Kojani, je? Mwalimu ameeleza vema. Kojani ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, kaskazini mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Mkondo mwembamba wa bahari hukitenga na kisiwa kikubwa, na watu huvuka kwa chombo. Wanaume ni wavuvi hodari wanaojulikana pwani yote. Huenda dago, yaani hupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, mpaka pwani ya bara na ya Kenya, wakae majuma au miezi. Mke hubaki na watoto, na wakwe, na madeni ya dukani, na kusikiliza upepo usiku. Mwanamke huyo aliondolewa sehemu ya tumbo, lakini hakuondolewa upweke. Zamani alikuwa na dawa yake moja ya kuutuliza, nayo ilikuwa chakula. Tumemnyang'anya dawa hiyo, wala hatukumpa nyingine.

Tena kuna ulimi wa watu. Kwetu mwili mnene umehesabiwa siku nyingi kuwa dalili ya mume mwema na nyumba yenye riziki. Mtu akikonda huulizwa, "Shoga, umeugua nini?" Wengine hunong'ona ugonjwa wa kuogopwa. Akienda arusini akachukua vijiko vitatu vya wali, mwenye shughuli huona amedharauliwa. "Kula, shoga, usitutie aibu!" Akila, watasema mlafi. Asipokula, watasema ana maringo. Wapi atakimbilia, isipokuwa jikoni usiku?

Basi mwalimu mpenzi, mpelekee rafiki yako mashauri haya, akiisha kuyapatanisha na daktari wake.

Ajitengee sahani yake ndogo. Kula pamoja katika sinia ni kuzuri kwa upendo, lakini ndani ya sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Akae pale pale na wenzake, sahani yake mbele yake.

Aanze na samaki, au yai, au kunde, au maziwa yasiyo na sukari, ndipo mboga, wali na muhogo vije mwisho, kama nafasi ipo. Hapo Kojani wana bahati kuliko sisi wa bara, maana samaki yuko mlangoni. Lakini asikaangwe kila siku, wala tui lisiwe zito kila siku.

Atafune sana, ale polepole, asinywe maji pamoja na chakula, bali angoje kama nusu saa. Sukari katika chai aipunguze mpaka iishe. Waliounganishwa utumbo wakila sukari nyingi huweza kupigwa na moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuhara.

Ale kwa saa zilizopangwa, asidonoe. Mkono ukienda kwenye kopo usiku, ajiulize: "Je, ningekubali kipande cha samaki sasa?" Akijibu ndiyo, ni njaa ya tumbo, na ale. Akijibu hapana, ni moyo unaolia. Basi autafutie moyo haki yake: ampigie simu mumewe dagoni, aende kwa jirani, ashone kofia, asali, alale. Na biskuti zisiwekwe nyumbani kwa kisingizio cha watoto.

Vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa asiviache. Aliyepasuliwa hivi huvihitaji maisha yake yote, hasa chuma, chokaa ya mifupa na vitamini B12. Mimba ingojwe mwaka mmoja hata mwaka na nusu baada ya upasuaji. Na wale wanywao pombe wajihadhari: imeonekana kwamba baada ya upasuaji wa njia ya mkato pombe hupanda kichwani upesi, na wengine huhamisha mapenzi yao kutoka sahani kwenda chupa.

Kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, choo cheusi, homa, au miguu kulegea na akili kuchanganyika si mambo ya kungoja asubuhi. Avushwe apelekwe hospitali upesi.

Juu ya kufunga: jirani zetu Waislamu wana Ramadhani, nasi tuna Kwaresima. Dini zote mbili zamwachilia mgonjwa. Aliyepasuliwa amwulize daktari kwanza, asione haya, na wala asipimwe imani yake kwa sahani yake.

Na ninyi mlio karibu naye? Mume asihesabu kilo, bali ahesabu siku alizokaa mbali. Badala ya kusema "fedha zimekwenda bure", aseme, "Nimekukuta, habari za upweke?" Mjumbe huyo atafanya kazi kubwa kuliko kisu. Wakwe na mashoga wasimsukumie chakula, wala wasimchungulie mdomoni. Akisema ameshiba, ameshiba. Na mwalimu amsindikize kliniki, maana waliopasuliwa wanapaswa kuonwa na daktari miaka yote. Huzuni ikizidi, ikamnyima usingizi na kumkatisha tamaa, amwambie daktari hivyo hivyo kwa uwazi. Huzuni nayo ina matibabu.

Sasa nijibu lile swali: je, ni ulafi? Sisi tumefundishwa kuhesabu ulafi katika vichwa vya dhambi, nami sitaufuta. Lakini mlafi hula kwa furaha. Huyu hula akilia. Ajifichaye usiku na kopo la biskuti hatafuti utamu, anatafuta mtu wa kumfariji. Tusimtupie jina la dhambi mtu aliyejeruhiwa, tukaliita jina hilo dawa.

Nanyi mnaosema, "Habari hizi za watu wenye ndugu Arabuni zatuhusu nini?" angalieni nyumbani kwenu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 1991-92 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, 11 walikuwa na uzito uliozidi. Katika uchunguzi wa 2015-16 wamekuwa 28. Soda imefika kila duka la kijiji. Mtoto akilia twampa pipi anyamaze, asitusumbue. Hivyo tunamfundisha tangu udogo kwamba machozi hukaushwa kwa sukari, na miaka 30 baadaye twamshangaa. Mtoto akilia, mwulize kwanza analilia nini.

Mwalimu mpenzi, nisalimie Kojani. Mwambie rafiki yako kwamba kilo 11 si mwisho wa safari. Wavuvi wa kwao hujua kwamba chombo kikisukumwa na mkondo hakiachwi kipotee. Hugeuzwa tanga, kikarudishwa njiani. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja peke yake.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.