KODI IKIPUNGUZWA, NANI ANALIPA?



Watu wengi hufurahi wakisikia kwamba kodi fulani imefutwa. Furaha hiyo si mbaya. Shilingi isiyochukuliwa na mtoza kodi hubaki nyumbani. Hununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Lakini mimi nasema tusiishie kufurahi. Kila kodi inapopunguzwa, tuulize swali moja: pengo litazibwa na nini?

Serikali ina matumizi kama nyumba ilivyo na matumizi. Hulipa walimu na waganga. Hununua dawa. Hujenga barabara na madarasa. Mapato yakipungua, matumizi hayapungui yenyewe. Kuna njia nne kubwa za kuziba pengo. Ya kwanza ni kupunguza matumizi. Ya pili ni kutoza kodi nyingine. Ya tatu ni kukopa. Ya nne ni kukusanya vizuri zaidi kutoka kwa wale wanaokwepa kulipa.

Yaliyotokea nchini kwetu

Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa. Kila mwanamume mzima alidaiwa, awe na kitu au asiwe nacho. Wanaume wengine walikimbilia porini walipowaona watoza kodi. Mwaka 1969 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliondoa kodi hiyo. Wananchi walishangilia. Lakini halmashauri za wilaya zilikuwa zikitegemea kodi kama hizo. Zikabaki na mapato madogo, zikategemea fedha kutoka Serikali Kuu. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa.

Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984. Kwa kuwa zilihitaji fedha, kodi ya kichwa ikarudi kwa jina jipya, kodi ya maendeleo. Mwaka 2003 nayo ikafutwa. Safari hii Serikali Kuu ilizipa halmashauri ruzuku ili kufidia. Ona tofauti. Mwaka 2003 kodi ilifutwa, na pengo likafikiriwa.

Mimi naona kufuta kodi ya kichwa kulikuwa haki. Si haki mtu asiye na nyavu alipe sawa na mwenye mitumbwi kumi. Lakini haki hiyo haikumaliza haja ya fedha.

Tozo ya simu na bei ya petroli

Sasa tutazame jambo la karibu. Julai 2021 Serikali ilianza kutoza miamala ya simu. Mtu alipotuma au kutoa fedha, alikatwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kufuatana na kiasi. Wananchi walilalamika. Septemba mwaka huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ilipunguzwa tena. Katika bajeti ya mwaka 2023/24 tozo ya kutuma fedha ikaondolewa.

Katika bajeti hiyohiyo, Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Fedha hizo ziliwekwa kwa ajili ya miradi mikubwa ya maendeleo.

Je, mtu wa Rukuba alipata au alipoteza? Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Hesabu hii ni ya mfano tu. Wewe utaweka tarakimu zako.

Tuseme mtumbwi wa dagaa unatumia lita 15 za petroli kwa usiku mmoja. Tuseme unakwenda ziwani usiku 20 kwa mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hawavuliki. Hizo ni lita 300. Shilingi 100 mara 300 ni shilingi 30,000.

Mnajua jinsi mapato ya mtumbwi yanavyogawanywa. Kwanza hutolewa gharama za mafuta. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi. Kwa hiyo zile shilingi 30,000 hazilipwi na tajiri peke yake. Tuseme nusu ni ya tajiri na nusu ni ya wavuvi wanne. Kila mvuvi amepungukiwa shilingi 3,750 kwa mwezi.

Tuseme mvuvi huyo alikuwa akituma fedha nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila mara akakatwa tozo ya shilingi 500. Tozo ilipoondolewa, aliokoa shilingi 1,000. Toa 1,000 katika 3,750. Amepungukiwa shilingi 2,750.

Mama anayenunua dagaa mwaloni hesabu yake ni nyingine. Yeye hutuma fedha mara nyingi. Huenda aliokoa zaidi ya alichopoteza. Lakini naye huvuka kwenda Musoma kwa boti, na boti hunywa petroli. Nauli ikipanda, atatoa sehemu ya alichookoa.

Sisemi kwamba tozo ya simu ingebaki. Ilimwumiza mtu aliyetuma shilingi chache kwa mama yake mgonjwa. Ninasema hivi: kodi ikiondolewa mahali pamoja na nyingine ikawekwa mahali pengine, mzigo haukuondoka. Umehamishwa bega. Ni juu yetu kujua umehamia kwa nani.

Deni la taifa ni la nani?

Serikali isipotoza, hukopa. Machi 2025 deni la Serikali yetu lilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 100. Trilioni moja ni bilioni elfu moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Deni hilo likigawanywa kwa watu wote hao, kila mmoja angebeba zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, hata mtoto aliye mgongoni.

Kukopa si dhambi. Mtu akikopa kununua nyavu, nyavu zitavua na deni litalipwa. Akikopa kwa ajili ya ngoma, ngoma huisha na deni hubaki. Serikali nayo ni hivyo. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000. Watoto wanasoma humo. Huo ulikuwa mkopo wa nyavu.

Lakini deni likizidi, huila nyumba. Miaka ya 1990 sehemu kubwa ya mapato ya nchi ilikwenda kulipa madeni, na wazazi walidaiwa ada ya shule ya msingi. Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu ya madeni yake. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa. Mzazi aliyelipa ada ile alikuwa analipa deni la taifa pia, ingawa risiti haikuandikwa hivyo.

Kwa hiyo kodi iliyopunguzwa leo kwa kukopa ni kodi iliyoahirishwa. Atakayeilipa ni mtoto wako, pamoja na riba.

Tufanye nini?

Kwanza, tulipe kinachotuhusu na tudai risiti. Anayevusha samaki usiku ili akwepe ushuru hamkomoi mtoza ushuru. Anamwachia mwenzake mzigo.

Pili, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka ufanyike kila miezi mitatu na hesabu za mapato na matumizi zisomwe. Sasa unajua kusoma. Usikubali kusomewa tu. Omba karatasi uione kwa macho yako.

Tatu, anayetuomba kura akisema atafuta kodi, tusipige makofi haraka. Tumwulize: fedha hiyo utaipata wapi? Akisema atabana matumizi, ataje matumizi gani. Akisema atakopa, ataje mkopo utafanya kazi gani na utalipwa kwa nini. Akishindwa kujibu, tumejua thamani ya ahadi yake.

Nne, tukidai kodi ipunguzwe, tuanze na kodi zinazowaumiza wanyonge zaidi. Na tudai wenye mali nyingi walipe sawasawa na mali yao. Hiyo ndiyo njia ya kuziba pengo bila kumfilisi mvuvi na bila kumkopea mtoto asiyeulizwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mtumbwi wenu hutumia lita ngapi kwa mwezi? Zidisha kwa shilingi 100. Umepata ngapi?

2. Je, ni afadhali kulipa kodi leo au kukopa na kulipa kesho? Toeni sababu.

3. Mkutano wa mwisho wa kijiji ulisoma hesabu zipi? Ni nani kati yenu aliyeziona kwa maandishi?