Tunaomba nusu finali, hatuombi kombe



Mambo ya mpira hapa kwetu yanasemwa kwa sauti kubwa na hesabu ndogo. Muulize mwanafunzi yeyote wa Mulekera, wa darasa la kwanza ao wa sita, juu ya Kombe la Afrika lijalo, atakujibu pale pale: Léopards wanabeba kombe. Kwa magoli mangapi? Matatu kwa bila. Nani atafunga? Wote! Basi sisi tumekaa chini na kalamu, tumepiga hesabu, na tumetoka na ombi dogo kuliko la wenzetu. Tunaomba nusu finali. Kombe likikuja, hatutalikataa, lakini ombi letu linasimama kwenye nusu finali, na tutasema sababu yake.

Kumbukeni tarehe 7 Februari 2024, uwanja wa Ebimpé huko Abidjan, Congo na Côte d'Ivoire. Kwetu ilikuwa saa ine ya usiku. Wakati wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama mdomo wa bunduki. Hawakusema neno. Kila mtu wa Beni alielewa mbele mtangazaji hajaanza kueleza: watu wanauawa Mashariki, na dunia imenyamaza.

Tangu Oktoba 2014 mji na teritwari ya Beni vinazika watu. Ripoti zimeandikwa nyingi sana, wageni wamefika na magari meupe, wameuliza majina, wamehesabu makaburi, wamekwenda. Hatusemi kwamba ripoti ni bure. Lakini ripoti inasomwa na mtu aliyeitafuta. Ile ishara ya Abidjan iliingia katika nyumba ya mtu ambaye hakutafuta kitu isipokuwa mpira. Alikuwa amekaa na familia yake, na gafla akauliza: hawa vijana wamefunika kinywa juu ya nini? Mtu akiuliza hivyo, kazi imekwisha anza.

Sasa angalieni vizuri. Ishara ile ilionekana sana kwa sababu ilikuwa nusu finali. Katika makundi kuna ekipe 24, mechi zinafuatana mchana na usiku, na wengi wanaangalia ya kwao tu. Nusu finali wanabaki wane, na kila mpenda mpira anakaa kuangalia. Na Congo walikaribia sana kutofika pale. Katika kundi lao la 2024 hawakushinda hata mechi moja: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Pointi tatu zote za kugawana. Ndugu zetu Watanzania wangepata goli moja tu usiku ule, Léopards wangerudi Kinshasa na pointi mbili, na ishara ile isingefika Abidjan. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mechi za mtoano ni mchezo wa kupoteza wakati. Kila hatua moja mbele ni siku zingine ambazo jina letu linabaki mdomoni mwa watu.

Hiyo ndiyo sababu. Sasa tuje kwenye utabiri, maana tumaini bila hesabu ni kelele tu ya uwanjani.

Tumechukua mechi za mtoano ambazo Léopards walicheza na ekipe za Afrika kuanzia Januari 2024 hadi Januari 2026. (Ya Guadalajara, Machi 2026, si mambo ya Afrika peke yake, tunawaachia wenzetu wa ukurasa wa michezo.) Ni mechi saba. Misri, 1-1, Congo wakapita kwa penalti 8-7. Gine, 3-1. Côte d'Ivoire, wakapoteza 0-1, goli la Haller. Afrika ya Kusini, 0-0, wakapoteza nafasi ya tatu kwa penalti. Halafu baraji za Kombe la Dunia kule Rabat, Novemba 2025: Kameruni, 1-0, goli la kapteni Mbemba dakika tisini zimekwisha kupita, na Nijeria, siku tatu baadaye, 1-1, penalti 4-3. Mwisho, Aljeria, Januari 2026, wakapoteza 0-1 kwa goli la dakika ya 119.

Mtu asome mara mbili hesabu hizo. Katika mechi saba, hakuna hata moja ambamo Congo walifungwa zaidi ya goli moja. Hata moja! Lakini tena, ni mechi moja tu, ile ya Gine, ambamo wao walifunga zaidi ya goli moja. Na mara ine kati ya saba, dakika 90 zilikwisha bila mshindi. Kocha Desabre, ambaye yuko na ekipe tangu 2022, amejenga nyumba yenye ukuta mzuri na dirisha dogo. Wanaomlaumu kwamba ekipe haifungi wana haki. Wanaotaka aondoe ukuta juu ya kupanua dirisha, hapo hatufuatani nao.

Tuna ushuhuda kwamba hii ekipe ikipata mapema inalala. Mnakumbuka Septemba 2025, Kinshasa, Senegali: Congo walikuwa mbele 2-0, watu wakaanza kuimba, mechi ikaisha 2-3. Ndiyo maana tulipelekwa kwenye baraji, hakukuwa sababu ingine kubwa. Na kinyume chake, ikianguka inaamka. Hilo ni la zamani, baba zetu walilijua. Mwaka 1974 huko Cairo, nusu finali, Misri walikuwa mbele 2-0 kwao nyumbani. Zaïre wakageuza ikawa 3-2, kisha wakachukua kombe mbele ya Zambia, na Ndaye Mulamba akamaliza na magoli 9, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 1998 huko Ouagadougou, mechi ya nafasi ya tatu, Burkina Faso walikuwa mbele 4-1 na dakika zimebaki chache za kuhesabu kwa vidole. Ikaisha 4-4, Congo wakashinda kwa penalti. Mwaka 2015, robo finali na majirani wa Brazzaville: nyuma 2-0, ushindi 4-2. Mzee mmoja wa mtaa wetu anasema kwamba ekipe hii ni kama kuni mbichi, lazima kwanza ikutoe machozi.

Mtatuambia, na Madagascar 2019? Ndiyo. Siku ile walisawazisha mara mbili na bado penalti zikawaangusha. Hatufichi.

Juu ya penalti tuna neno. Wengi wanasema penalti ni bahati. Sisi tunakataa. Mbele ya Misri, golikipa Mpasi ndiye aliyepiga ya mwisho na kuiingiza, baada ya mwenzake wa Misri kukosa yake. Mbele ya Nijeria, Desabre alimtoa huyo huyo Mpasi mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza na kumwingiza Fayulu kwa kazi ya penalti peke yake. Fayulu akazuia, na Mbemba akafunga hesabu. Kumtoa golikipa shujaa wa 2024 na kumpa kazi mwingine, hiyo haiitwi bahati, ni kocha aliyefanya devoir yake nyumbani. Afrika ya Kusini walitushinda kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa na golikipa Williams ambaye alijua kazi yake. Kama tungeulizwa ushauri (lakini hatuulizwi) tungesema: Mbemba alizaliwa 1994, na mtu wa kupiga ile penalti ya mwisho kwa moyo baridi atafutwe sasa, asitafutwe siku ya mechi.

Hapa tuseme kidogo juu ya pari, kwa sababu wako kati yetu wanaopeleka pesa za minervali kwenye kibanda cha pari na kutuambia kwamba wanapenda taifa. Pasta amekwisha kusema upande wa dhambi, na hatutarudilia mahubiri yake. Sisi tunasema upande wa hesabu. Ile karatasi inayoandikwa «Congo atashinda» inahesabu dakika 90 na nyongeza yake ndogo, basi. Mechi ikienda kwenye prolongation, umepoteza. Sasa rudi kwenye mechi zetu saba: Congo walishinda ndani ya wakati huo mara ngapi? Mbili tu, Gine na Kameruni. Usiku wa Misri na usiku wa Nijeria, taifa lilikuwa linacheza barabarani na mwenye karatasi alikuwa amepoteza pesa yake. Kuna mtu mjinga kuliko yule ambaye ekipe yake imepita na yeye analia?

Turudi kwenye tumaini. Septemba 2023 CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda kazi ya kuandaa Kombe la Afrika la 2027. Ndugu wasomaji, hii ni karibu na sisi kuliko Kinshasa! Kutoka hapa Beni hadi mpaka wa Kasindi ni kama kilomita 80. Wafanyabiashara wa Butembo wanakwenda Kampala na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni. Tena Uganda wamejenga uwanja huko Hoima, upande huu wa magharibi yao, ngambo ya Ziwa Albert. Kwa maisha yetu yote Léopards wamekuwa watu wa redio na wa ekra. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mulekera anaweza kufikiri kwamba atawaona kwa macho, akiwa na karatasi zake za mpaka na pesa ya basi.

Tunasema anaweza kufikiri. Maana kati yetu na Kasindi kuna ile barabara, na kila mmoja wetu anaijua. Kuna siku inapitika kwa amani na kuna siku magari yanangoja askari wa kuyasindikiza. Watu wameuawa ndani yake na magari yamechomwa. Kwa hiyo kwetu sisi tumaini la mpira na tumaini la barabara ni kitu kimoja. Tukisikia kwamba wapenda mpira wa Beni walikwenda Uganda kuangalia mechi na wakarudi usiku wakiimba, hiyo kwetu itakuwa habari kubwa kuliko matokeo ya mechi yenyewe. Na viongozi wa serikali ya jimbo, ambao walihamia hapa Beni mwaka 2025 baada ya Goma kuanguka, wanaipita barabara ile ile. Wanajua tunasema nini.

Tena uwanja utaimba kwa Kiswahili. Huko Abidjan na Rabat wachezaji wetu walikuwa wageni wa lugha pia. Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, mtu wa Kivu akipiga kelele «Leta mpira!» atasikika na jirani yake. Tuanzebe, ambaye alizaliwa Bunia, atakuwa kama mtu anayecheza kwa wajomba.

Basi, utabiri wetu, na tunauandika ili usifutike. Tunadhani Léopards watafuzu, kwa taabu, na goli moja moja. Katika kundi watatoka wa pili, maana wa kwanza si tabia yao. Mechi ya kwanza ya mtoano: 1-0, goli la kichwa kutoka kona, baada ya dakika ya 80. Robo finali, na hapa tunaogopa Moroko ao Aljeria kuliko wote: 1-1, penalti, golikipa wetu anazuia mbili. Nusu finali tunaandika tarehe tu, bila matokeo. Wakifika pale, wimbo wa taifa utapigwa, na kamera itapita mbele ya nyuso zao mmoja mmoja, pole pole. Tunaomba tu kwamba siku hiyo wasiwe tena na sababu ya kufunika kinywa. Kama sababu itakuwa bado iko, basi wafunike.

Wenye utabiri mwingine walete karatasi zao kwa katibu wa gazeti mbele ya Ijumaa, na jina na darasa. Ya «tatu kwa bila» hatutaipiga mashine kama haina hesabu chini yake. Stensili ni bei.