Jaruba la Chumvi na Mizizi ya Mlinganyo

Huko Nunge, jirani na mji wa Bagamoyo, maji ya bahari huachwa katika majaruba yakauke hata ibaki chumvi. Na lichukuliwe jaruba moja la mstatili ambalo mwanafunzi ameelezwa mambo mawili tu: urefu na upana wake ukijumlishwa ni mita 70, na eneo lake ni mita za mraba 1,200. Anaulizwa umbali wa kutoka kona moja hadi kona inayoielekea. Aghalabu atahangaika kwanza kutafuta urefu na upana. Kazi hiyo si ya lazima. Mraba wa 70 ni 4,900. Ikitolewa mara mbili ya eneo, yaani 2,400, hubaki 2,500. Kwa kanuni ya Pythagoras, huo ni mraba wa umbali unaotakiwa. Jibu ni mita 50, wala hapakuhitajika kujua upande upi ndio urefu.

Jumla na zao havibadiliki pande zikibadilishana nafasi. Ndiyo maana huitwa linganifu. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hukutana na jambo hilohilo katika mizizi ya milinganyo, lakini mara nyingi hupewa kanuni za kukariri kwa ajili ya mtihani, na hapo uhondo wote hupotea. Kwa hakika kuna koo mbili. Ukoo mmoja ni wa jumla ya namba, jumla ya mazao ya mbilimbili, ya tatutatu, na kuendelea. Wa pili ni wa jumla ya vipeo: namba zenyewe, miraba yao, vipeo vyao vya tatu. Albert Girard alionyesha mwaka 1629 namna ya kupata ukoo wa pili kutokana na wa kwanza, hadi kipeo cha nne. Kwa namba tatu, jumla ikiwa J, jumla ya mazao ya mbilimbili M, na zao la zote Z, jumla ya vipeo vya tatu ni J³ − 3JM + 3Z. Ajaribuye kwa 1, 2 na 3 atapata 216 − 198 + 18, yaani 36.

Safari ya kurudi ina gharama yake. Kwenda hutumia namba kamili peke yake. Kurudi hudai kugawanya, kwa 2, kisha kwa 6. Sababu yake imo jarubani: katika mraba wa jumla, eneo huhesabiwa mara mbili, urefu kwa upana na upana kwa urefu. Mkariri hawezi kuliona hilo.

Husemwa kuwa muda hautoshi. Kipindi kimoja, kamba na uwanja wa shule vyatosha, mradi pembe zipimwe vema, maana mstatili uliopinda utatoa jibu jingine.