Saa ya Gari Lenu ni ya Nani?

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu kidogo ambacho kila mwenye gari anacho lakini wachache wanakijali: saa ya kwenye dashibodi.

Najua utasema mhariri kaishiwa mada. Subiri kwanza. Nimeona ndoa nzuri ikitikiswa na saa hiyo, tena si mjini kwenye foleni, bali kijijini Kiloleli, mkoani Simiyu, nyumbani kwao mama yangu. Ila ili uelewe kilichotokea Kiloleli, inabidi tuanzie bandarini Dar es Salaam.

Magari mengi tunayoendesha ni ya mtumba kutoka Japan. Siku unapolipokea lako unawasha, yule dada wa Kijapani anakusalimu kwa lugha usiyoijua, halafu unatupia macho saa: 2:00. Unatazama ya mkononi, kweli ni saa mbili kamili asubuhi. Unasema moyoni, hawa Wajapani wana adabu, wamenirekebishia hadi saa!

Hakuna aliyekurekebishia kitu, mwenzangu. Japan iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Na sisi tukihesabu saa kwa Kiswahili, tunapishana na saa ya Kizungu kwa saa sita hizo hizo. Sisi tukiwa saa mbili asubuhi, Tokyo ni saa nane mchana, ambayo wenyewe wanaiandika 2:00. Kwa hiyo kama betri haikuchomolewa njiani, na saa ni ya ile aina inayoishia 12, gari linashuka melini tayari linajua Kiswahili. Na halitakuangusha Januari wala Julai, kwa sababu Japan haisogezi saa zake. Walijaribu mwaka 1948 hadi 1951, wakaachana nayo mwaka uliofuata.

Kusogeza saa? Ndiyo. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, hasa kwa mwenye mpenzi ughaibuni.

Wenzetu wa Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada wana kitu wanachokiita saa za kiangazi. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa nyumba wa Uingereza, William Willett, alitoa kijitabu akilalamika kwamba kiangazi jua linachomoza watu bado wamelala, mwanga unapotea bure. Alifariki mwaka 1915 bila kuona wazo lake likikubaliwa. Mwaka uliofuata, katikati ya vita, Ujerumani ikasogeza saa mbele ili kuokoa makaa ya mawe, na wiki chache baadaye Uingereza ikafuata. Mpaka leo, Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku Uingereza inarukia saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha.

Sisi hatuna haja hiyo. London mwezi Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Desemba linachelewa hadi baada ya saa mbili asubuhi. Kiloleli iko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Pale jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro, mwaka mzima. Ndiyo maana babu zetu waliweza kuanza kuhesabu saa na jua lenyewe: limetoka, saa moja hiyo imekaribia. Jaribu kuhesabu hivyo London uone.

Sasa twende Kiloleli.

Mtoto wa mama yangu mdogo, dada yangu kabisa kwa mila zetu, ana duka la pembejeo pale kijijini. Mumewe, shemeji yangu, aliondoka mwaka 2022 kwenda Manchester kwenye kazi ya kutunza wazee. Akiwa huko akamwagizia mkewe gari kutoka Japan, la kubebea mizigo ya duka kutoka Lamadi. Gari lilipofika, saa yake ilikuwa inasoma Kiswahili safi kama nilivyokueleza.

Walikubaliana apige simu kila Jumapili saa kumi na moja jioni ya kwake, akitoka zamu. Kiloleli hiyo ilikuwa saa mbili usiku. Watoto wameshakula, dada anaingia kwenye gari, anafunga vioo, anachomeka chaja, wanaongea. Gari ndiyo chumba chao cha faragha. Si unajua nyumba yenye watoto na wakwe?

Ikaja Jumapili ya mwisho ya Machi. Manchester saa imesogea usiku, simu ya shemeji imejirekebisha yenyewe akiwa amelala, wala hakujua. Alipoona imefika saa kumi na moja, akapiga. Kiloleli ilikuwa saa moja tu. Dada yuko jikoni anasonga ugali, simu ameiacha chumbani. Akapiga mara nane. Dada alipokuja kuishika, ujumbe wa kwanza uliandikwa: "Uko wapi usiku huu, na nani?"

Waliyamaliza, wakahamia saa moja. Oktoba ikaja. Dada akakaa kwenye gari kuanzia saa moja, kimya. Saa moja na nusu, kimya. Simu ikaingia saa mbili kamili, shemeji anacheka, hana habari. Zamu hii ni dada aliyeuliza: "Ulikuwa na nani?"

Unaona? Ugomvi mara mbili kwa mwaka, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Serikali ya nchi moja imesogeza mshale, kitanda cha nchi nyingine kikapata baridi.

Dada yangu hakusoma sana lakini ana akili. Alipoelewa mchezo, aliichukua ile saa ya gari akaiweka iseme saa za Manchester. Machi anaisogeza mbele, Oktoba anairudisha. Nadhani lilikuwa gari pekee Kiloleli nzima lililokuwa likifuata saa za kiangazi za Mfalme! Na kama unazifahamu zile saa za Toyota za zamani zenye vitufe vya H, M na :00, unajua kwamba H inakwenda mbele tu, hairudi nyuma. Kwenda mbele saa moja unagusa mara moja. Kurudi nyuma saa moja unagusa mara kumi na moja. Kila Oktoba alikuwa anakaa pale anahesabu.

Akiwa njiani kwenda Lamadi, anatupia jicho: 5:40, sasa anaamka. 7:15, yuko kwenye basi. Hakuhitaji kumpigia. Saa ilitosha.

Kisha shemeji akaja likizo ya wiki tatu, Desemba, nami nikiwa huko kwa sikukuu. Dada alikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Mwanza. Tuliokuwa tunawasubiri tuliona gari linaingia, nderemo, watoto wanarukia. Jioni ile ile shemeji akaingia kwenye gari kulipanga vizuri uani, akaona 3:30 wakati watu tunakaribia kula. Akagusa H mara tatu, 6:30, akashuka zake. Alidhani anasaidia.

Asubuhi dada alipoliwasha, akaona. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile mbele ya wageni.

"Baba watoto, nani kakwambia uguse saa?"

"Si ilikuwa imekosea, mke wangu?"

"Haikukosea. Hiyo ndiyo imekuwa mume wangu siku zote hizi."

Shemeji akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Basi mume mwenyewe nimerudi. Nipo hapa."

"Umerudi wiki tatu," dada akajibu. "Halafu?"

Msomaji, pale uani hakuna aliyekohoa. Na ukiniuliza nani alikuwa na haki, nitakwambia wote. Yeye alikuwa amesafiri usiku kucha aje awe wa Kiloleli, na gari lake lenyewe likawa linamwambia wewe ni wa Manchester. Mwenzake alikuwa ameshazoea kuishi na saa isiyonuna wala kuondoka, na mtu mzima akaja akaiondoa kwa kidole kimoja bila kuuliza.

Aliyewaokoa ni mama mdogo. Alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua kichwa. "Gari lina saa moja, nyie mko wawili. Kanunueni nyingine." Kesho yake shemeji akarudi kutoka Lamadi na saa ya ukutani. Akaitundika chumbani mwenyewe, akaiweka saa za Manchester, ya gari ikabaki na saa za Kiloleli. Na kabla hajaondoka wakabadilisha mkataba: simu ya Jumapili sasa ni saa mbili usiku ya Kiloleli, mwaka mzima. Majira ya baridi yeye anapiga saa kumi na moja ya kwake, kiangazi anapiga saa kumi na mbili. Anayehesabu ni yeye.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane mwezi huu. Wapenzi walio mbalimbali wengi hupanga muda kwa saa ya aliyeko nje, eti kwa sababu ndiye mwenye zamu, ndiye mwenye hela ya simu, ndiye mwenye shughuli. Matokeo yake aliyebaki nyumbani, ambaye saa yake haijawahi kusogea hata dakika, ndiye anayevurugwa mara mbili kwa mwaka. Mimi nasema mzigo wa hesabu abebe yule ambaye nchi yake inasogeza saa. Ni heshima ndogo, lakini anayesubiri anaisikia.

Ili msije mkasema nimewaachia hadithi tu, haya hapa ya kubandika kwenye friji:

Uingereza tunaitangulia kwa saa tatu majira ya baridi, saa mbili kiangazi. Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi ni saa mbili, kiangazi saa moja. Wote hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba.

New York na Toronto ni saa nane, kiangazi saa saba. Lakini wao hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mwenye mume Boston na dada London aangalie sana hizo wiki za katikati, ndizo zinazoleta maneno.

Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na hawasogezi. Mwenye mchumba huko alale usingizi.

Mkitajiana saa, semeni na wakati wake: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Ukimwandikia mtu "tuonane 8:00" na yeye akasoma saa nane, utaula chakula cha mchana peke yako.

Na nyinyi mnaoishi nyumba moja mkiendesha gari moja, msijione mmepona. Mmoja anaiweka saa ya gari mbele dakika kumi ili asichelewe kazini, mwenzake hajui, anafika kanisani mapema na kukaa peke yake na mwenye funguo, akirudi amenuna. Mmoja anataka isome Kiswahili, mwingine Kizungu. Fundi akichomoa betri saa inarudi mwanzo, na wiki nzima kila mtu anasubiri mwenzake airekebishe. Mkiona hivyo, ulizaneni leo: hii saa ni ya nani? Mkubaliane, aguse mmoja, mwingine ajue. Ni dakika mbili tu.

Nilipoongea na dada wiki iliyopita, aliniambia saa ya ukutani imeanza kuchelewa, betri imechoka. Nikamwambia abadilishe. Akacheka: "Ngoja Jumapili nimwambie mwenyewe. Anapenda kuulizwa."

Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa. Na Jumapili ya mwisho ya Machi, wewe uliyeko ughaibuni, hesabu kwanza ndipo upige.