Mbolea yetu isiishie mtoni



Nina dukuduku kuhusu mbolea ya mashamba ya Kitale na Bungoma inayoishia kwenye mito na vinamasi vyetu.

Pita kando ya kijito chochote huku wakati wa mvua. Mahindi yamepandwa hadi ukingoni, na mistari inafuata mteremko badala ya kuukinga. Mbolea ya kukuzia imeachwa wazi kando ya shina, haikufukiwa. Mvua ya alasiri ikipiga, chembe zinayeyuka na kuteremka pamoja na udongo, na kijito kinageuka rangi ya chai ya maziwa.

Maji hayo huingia vinamasini kama Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini Kenya, iliyotengwa mwaka 1974 kumlinda nzohe, swala wa vinamasini. Kisha hufuata Mto Nzoia, yakapita Webuye hadi Ziwa Victoria. Nitrojeni na fosforasi tulizonunua kwa ajili ya mahindi huishia kulisha mwani na magugumaji. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Sheria ipo. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kulima ukingoni mwa mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande. Lakini mkulima atajuaje mpaka uko wapi ilhali hakuna alama? Na mwenye ekari moja ukimwambia aache ukingo bila kumpa njia nyingine ya kupata riziki, atakusikiliza vipi? Mbolea ya ruzuku inatufikia, lakini afisa wa ugani wa kutuelekeza tuitumie vipi ni nadra kumwona.

Naziomba kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, pamoja na mamlaka ya mazingira, NEMA, ziweke alama kando ya mito na kugawa vipando vya nyasi za nepia. Nyasi hizo huzuia udongo na mbolea, na ng'ombe hupata lishe, kwa hiyo mkulima hapotezi ukingo wake. Upimaji wa udongo nao uletwe vijijini, tujue shamba linahitaji nini kabla ya kununua gunia.

Nasi wakulima tulime kwa kukinga mteremko, tufukie mbolea, na tusiiweke mvua kubwa ikinukia.

Upanzi huanza Machi. Alama na vipando viwe vimefika kabla ya hapo.

Mkulima,
Kitale