Simu Mkononi mwa Mama Mjamzito: Nini Humfanya Aipokee Elimu ya Afya?

Barabara itokayo Bunda hufika ukingoni mwa ziwa pale Kisorya, na abiria husubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Katika kusubiri huko simu hazipumziki: mchuuzi wa dagaa huulizia bei, mwingine hupokea fedha, mwingine hupashwa habari za msiba. Yafaa basi tujiulize kwa nini chombo kilichokwisha kuingia sokoni na msibani kinasitasita kuingia katika malezi ya mimba.

Serikali ilianza mapema. Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo, akaanza kupokea ujumbe mfupi wa Kiswahili uliofuata umri wa mimba yake. Hakuhitaji simu janja wala bando. Programu za leo, zenye picha na video, zina mengi zaidi ya kufundisha. Lakini zinadai simu ya bei, intaneti na mahali pa kuchaji. Mwenye kitochi hakuzikataa. Hazijamfikia.

Hata hivyo gharama pekee haitoshi kueleza jambo hili. Mjamzito huamini mtu kwanza, chombo baadaye. Muuguzi akimwandikisha siku ya kliniki na kumweleza kwamba ujumbe utakaokuja ni mwendelezo wa maneno yake, mama atausoma. Ukimjia ghafla kutoka namba asiyoijua, ataudhania ni wa matapeli, na nani atamlaumu katika nyakati hizi? (Elizabeti naye hakupelekewa salamu tu, Maria alifunga safari akamwendea milimani.) Lugha pia ina uzito wake. Kiswahili kinaeleweka, lakini bibi anayeaminiwa katika mambo ya uzazi huzungumza Kijita au Kikerewe, na neno lake husikika karibu zaidi.

Kisha lipo jambo ambalo wataalamu hulitaja kwa haraka, nasi tungependa kukaa nalo: simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya mume, naye huenda nayo ziwani. Ujumbe wa kumkumbusha mama kupima virusi vya UKIMWI unaweza kusomwa na shemeji kabla yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya taarifa, lakini haiwezi kuingia chumbani. Mama anayeogopa maswali ya nyumbani ataacha kujiandikisha, nasi tutasema hana mwamko. Tunaona hukumu hiyo si ya haki. Mume anayesoma ujumbe pamoja na mkewe, akajua dalili za hatari, hutatua zaidi ya nusu ya tatizo.

Unguja walilipima jambo hili. Mwaka 2009 na 2010 wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya walifuatiliwa. Baadhi yao walipata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya kuwapigia wahudumu. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 miongoni mwao, na 47 miongoni mwa wasioupata. Lakini ongezeko hilo lilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba halikuwafikia. Kwetu sisi tulio mwisho wa barabara hilo ni neno zito. Ujumbe humweleza mama aende wapi; nauli na chombo cha kumbeba ni habari nyingine.

Vifo vya uzazi nchini vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na hatuwezi kuipa simu sifa ya kazi iliyofanywa na watu wengi. Simu ina sehemu yake. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa ng'ambo ya ziwa huko Sengerema kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu ya dharura kwa namba 115 bila malipo, kisha huita gari la wagonjwa au dereva wa jirani aliyeandikishwa. Kitochi chatosha. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA wanaweza kuifundisha namba hiyo Jumapili hii, na kwa waume pia.